Mfuko wa Kahawa Mezani pa Kamati

Sehemu ya Nne

Jumamosi iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za kitivo, mkoba mapajani, sijui nirudi bwenini au nipande basi niende kwa mama. Sikwenda kokote kati ya huko. Nilipanda juu hadi chumba namba kumi na nne, penye karatasi iliyobandikwa mlangoni: Dawati la Jinsia, Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita.

Ilikuwa Jumatano, lakini mlango ulikuwa wazi. Ndiyo bahati pekee niliyoipata mwezi ule, nami naitaja ili msiseme kazi yangu ni kulalamika tu.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza: naitwa Vidosava, mwanafunzi wa sheria mwaka wa nne, nimebakiza mtihani mmoja tu wa mdomo, wa sheria ya mirathi. Anayeifundisha ni Profesa Tihomir Zlatić, mzee mwenye nywele nyeupe na tai ya hariri, ambaye mji mzima unamvulia kofia. Siku ya mtihani aliniacha niwe wa mwisho, akafunga mlango kwa ufunguo, akanishika mahali ambapo hakuna swali la mirathi linalofika. Akasema alama tisa kati ya kumi haiji kwa kusoma peke yake. Nilimsukuma, nikatoka mbio, kijitabu changu cha alama hakina kitu.

Sasa endeleeni nami.

Ndani ya chumba namba kumi na nne alikuwepo Biserka, mhadhiri msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakuniuliza nilikuwa nimevaa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, kwa hiyo lilipokosekana nikaanza kulia.

Aliniacha nilie. Halafu akanimiminia maji na kuniambia njia ziko nne, na wa kuchagua ni mimi, hata kama nitachagua kutofanya lolote.

Ningeweza kumsimulia yeye tu, bila kuandika chochote, naye angenitafutia mshauri wa kuzungumza naye bure. Ningeweza kuwapigia simu wanawake fulani wa mji mkuu ambao hutoa wakili bila malipo. Ningeweza kwenda polisi, ambako jina langu lingekuwa kwenye faili kuanzia dakika ya kwanza. Au niandike malalamiko kwa kamati ya maadili ya kitivo, ambayo kanuni zake, ibara ya kumi na moja, zinasema jina la mlalamikaji halitajwi hadharani.

"Yoyote utakayochagua, nitakusindikiza," alisema. "Lakini nisikufiche, mdogo wangu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na kati ya wanaopiga kura kuurefusha, Zlatić yumo."

Nilimwonea huruma. Hebu fikirini, mimi ndiye niliyekwenda kuomba msaada, nikatoka nikimwonea huruma mtoa msaada.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: yule mzee asimfungie mlango msichana mwingine, na hilo lifanyike bila mama yangu kujua. Mama ni mjane, anakaa mji mdogo mwendo wa saa mbili kwa basi, na amewatangazia majirani wote kwamba mwaka huu anapata mwanasheria. Akijua, nilijisemea, hatakaa kimya, na mama asipokaa kimya mambo huharibika. Kwa hiyo nikachagua ibara ya kumi na moja.

Niliandika kurasa tatu. Nikazipeleka dirisha la wanafunzi, kwa mama Slobodanka, ambaye amekaa nyuma ya kioo kile tangu enzi ambazo nchi yetu ilikuwa na jina jingine. Alikagua kama nimetumia wino wa bluu. Nilikuwa nimetumia. Akagonga muhuri, akanipa nakala, na bila kuinua macho akaniambia nisiwe na wasiwasi, jina langu halitaonekana popote.

Nilimwamini. Tena nilimshukuru.

Siku kumi na mbili zikapita. Nikienda kwa katibu wa kamati, naambiwa mwenyekiti yuko safarini. Mwenyekiti akirudi, naambiwa katibu anaumwa. Nilipigwa danadana hadi walinzi wakaanza kunisalimia kwa jina. Na kila Jumatatu na Alhamisi nilimwona Zlatić akipita uani, tai yake shingoni, akiwaitikia watu salamu.

Siku ya kumi na tatu, Jumanne, nilikuwa bado kitandani Kosana aliponipigia simu. Kosana ndiye tunayeishi naye chumba kimoja, na ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Shoga, leo usije huku."

"Kuna nini?"

"We usije tu. Lala."

Sasa nani anaambiwa hivyo akalala? Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikaenda.

Mbele ya ubao wa matangazo palikuwa na watu kama thelathini. Nilipokaribia walinipisha, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, kwa sababu kitivoni kwetu hakuna anayempisha mtu mbele ya ubao. Karatasi ilikuwa na muhuri mpya. Ilisema Kamati ya Maadili itaketi Ijumaa saa tano kusikiliza malalamiko ya mwanafunzi namba 47/19 dhidi ya Profesa T. Z., kuhusu mwenendo usiofaa wakati wa mtihani. Chini kabisa waliandika kwamba, kwa kuzingatia ibara ya kumi na moja, jina la mlalamikaji limehifadhiwa.

Lazima niwaeleze. Kwetu matokeo ya mitihani hubandikwa ubaoni kwa namba za usajili, si kwa majina, kulinda siri za wanafunzi. Tangu mwaka wa kwanza tumesoma namba hizo kila mwezi, na kwa umbea wa kawaida kila mtu anajua namba ya kila mtu kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa. Yangu wanaijua hata wa mwaka wa pili, kwa sababu mimi ndiye niliyepata kumi ya sheria ya Kirumi mwaka ambao nusu ya darasa ilifeli. Waliponiandika 47/19 walikuwa wameniandika mimi, na picha juu.

Nilikwenda dirishani. Nilijaribu kuongea kwa utulivu, sauti ikanitoka kama ya kuku.

Mama Slobodanka alichukua miwani yake, akaisafisha, akaisoma nakala ya tangazo mwanzo hadi mwisho.

"Binti, jina lako liko wapi hapa? Nionyeshe."

"Namba yangu iko hapo, mama. Kila mtu anaijua."

"Namba ni namba. Jina nimelificha. Ndivyo tufanyavyo siku zote."

Na ubaya ni kwamba hakuwa na nia mbaya. Aliniona kama mtu asiye na shukrani. Alisema alilikata jina mwenyewe kwa mkono wake, akachapa upya, na siku hiyo hata chai hakunywa.

Nilipogeuka, kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa ameegemea nguzo aliniuliza, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Arobaini na saba, ndiyo nini sasa? Umekosa tisa ukaamua kumchoma mzee wa watu?"

Wachache walicheka. Wengi walitazama viatu vyao. Mimi nilikuwa na koti juu ya nguo za kulalia, nikashika njia ya bwenini.

Jioni, kabla ya taarifa ya habari, simu ikaita. Mama. Binti wa jirani yetu anasoma mwaka wa pili palepale kitivoni, nami nilikuwa nimemsahau kabisa.

Nilipokea, nikasubiri. Nilisikia redio ya jikoni kwetu kwa nyuma. Mama akaniuliza jambo moja.

"Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula. Akasema haya basi, akakata simu. Nilijidanganya kwamba yameishia hapo, nikapata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alhamisi saa nne asubuhi mlango wa chumba chetu ukagongwa. Mama huyo, na koti lake la kanisani na kitambaa cha shingo, mashavu mekundu kwa baridi. Alimpa Kosana mkate wa jibini wa kuoka, akaketi kitandani kwangu, akavuta pumzi.

"Nimeshayamaliza, mwanangu."

"Umemaliza nini, mama?"

"Hayo mambo yenu. Natoka kwa profesa sasa hivi. Mtu mstaarabu kweli, mkewe kanikaribisha mpaka ndani, kanipa peremende na maji."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa kuelewa. Nikamuuliza alikwenda kwa profesa gani.

"Kwani tuna maprofesa wangapi? Zlatić. Nilipeleka kahawa, boksi la chokoleti na ile rakija, pombe kali ya plamu, ya marehemu baba yako."

Hapa inabidi mumjue mama yangu vizuri. Anaitwa Zagorka, yuko mapokezi ya zahanati ya serikali miaka ishirini na sita. Kwetu mtu haendi kwa daktari mikono mitupu, wala kwa karani wa ardhi, wala kwa mwalimu. Hupeleka mfuko: kahawa ya kusaga, boksi la chokoleti, chupa ikiwa jambo ni zito. Kabati letu la jikoni limejaa mifuko ya namna hiyo. Chokoleti zenyewe hatuli, tunazihamishia kwa mtu mwingine, naye kwa mwingine, na nina hakika kuna maboksi yanayouzunguka mji wetu tangu nizaliwe. Mama hajawahi kuliita jambo hilo kwa jina lolote. Kwake ni adabu.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia yaishe. Usinitazame hivyo, sikusema wewe mwongo. Nimesema wewe bado mtoto, yeye mtu mzima, kila mtu aende zake, upate karatasi yako uondoke."

"Kwa hiyo huniamini."

Hapo ndipo aliponigeukia. Mama hapendi kulia mbele ya watu, na Kosana alikuwepo, kwa hiyo aliongea kwa ukali.

"Nakuamini. Ndiyo maana nilikwenda. Nisingekuamini ningekaa nyumbani kwangu. Unadhani zahanati hakuna akina Zlatić? Unadhani mimi nilizaliwa na miaka hamsini na nne?"

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini alikuwa ameshavua viatu na kuanza kunipangia nguo kabatini, kama kawaida yake akiogopa kuulizwa. Na mgongo ukiwa umenielekea, akatupia lililobaki.

"Ameniomba tu niandike mistari miwili, kamati wajue tumepatana."

"Ukaandika?"

"Nimeandika. Na mwandiko wangu unaujua, si wa kuniaibisha."

Kosana aliweka mkate chini. Mimi nilikaa sakafuni palepale nilipokuwa nimesimama. Nilisomea sheria miaka minne, nikashindwa kumweleza mama yangu mwenyewe alichokuwa amefanya. Kila nilipoanza, aliniambia nile kwanza.

Nilimpigia Biserka. Akasema nisikubali wala kukana chochote kabla sijaiona hiyo karatasi kwa macho yangu. Akasema tena kwamba njia nyingine bado zipo, polisi bado wapo, wale wanawake wa mji mkuu bado wanapokea simu. Niliwapigia. Dada mmoja mwenye sauti ya upole alinisikiliza dakika arobaini, akaniahidi wakili, lakini wa karibu zaidi angepatikana Jumatatu. Kamati ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa mama alikataa kubaki bwenini. Alikaa kwenye benchi la korido nje ya ukumbi, koti limefungwa vifungo vyote, glavu mkononi, kama anayesubiri basi.

Ndani walikuwa wanakamati watatu na karani. Mwenyekiti, Profesa Obrenka, ni mama wa makamo aliyenifundisha mwaka wa kwanza, mtu wa haki kwa kadiri nilivyomjua. Biserka alikaa pembeni, daftari limefungwa. Zlatić alikaa mbele yangu. Alinipa salamu. Nilijikaza, nikaitazama tai yake badala ya uso.

Sikuulizwa kilichotokea chumbani. Nilikuwa nimerudiarudia maneno yangu usiku kucha, na hakuna aliyeyataka. Zlatić aliomba kusema kwanza. Akainama, akanyanyua mfuko kutoka chini ya kiti, akautua mezani taratibu: kahawa, chokoleti, chupa ya baba yangu yenye karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwaka aliofariki.

"Sikutaka kumdhalilisha mama wa watu," alisema. "Nilipokea kwa sababu kumfukuza mlangoni ingekuwa ukatili. Hata kidogo sijagusa. Na hii aliiandika kwa hiari yake, mke wangu shahidi."

Profesa Obrenka alivaa miwani, akasoma kwa sauti. Ilikuwa kadi ndogo, mwandiko wa mama, mzuri kweli.

"Naomba radhi kwa niaba ya binti yangu Vidosava. Naomba mambo yaishe. Zagorka, mama yake."

Wakamwita mama ndani. Aliingia, akaona mfuko wake katikati ya meza, akauona kama mtu anavyouona mzigo wake uliofunguliwa na polisi njiani. Kisha akamwangalia Zlatić. Nadhani ni wakati ule tu ndipo alipoelewa mistari miwili ilikuwa ya nini. Uso wake ulibadilika rangi, akashika mgongo wa kiti.

Mwenyekiti alithibitisha kwamba mwandiko ni wa mama. Akanigeukia mimi. Alionekana amechoka, na sikuweza hata kumchukia.

"Vidosava, kuhusu mfuko huu lazima tuandike moja kati ya mawili," alisema. "Kama mama yako alikwenda kuomba radhi, basi familia yenyewe imekiri malalamiko hayakuwa ya kweli, na tunafunga faili. Kama hakwenda kuomba radhi, basi alikwenda kumhonga mtumishi wa umma, na sheria inatutaka tulipeleke jambo hili polisi leo hii, huku malalamiko yako yakiendelea. Wewe ni mwanafunzi wetu, haya unayajua. Tuandike lipi?"

Nilimtazama Biserka. Alikuwa anatazama dirisha.

Niliyajua, ndiyo. Tena kwenye sheria ya jinai nilipata tisa. Mtumishi wa zahanati ya serikali anayeshtakiwa kwa hongo anasimamishwa siku hiyohiyo, miaka ishirini na sita inakwenda na maji, pensheni inakuwa ya kuombea. Na nikisema radhi, Jumatatu Zlatić anafunga mlango wake kwa ufunguo, na mbele yake anakaa msichana mwingine. Zlatić alikuwa ameegemea kiti, vidole amevisuka tumboni, ananisubiri kwa upole, kama anavyowasubiri watahiniwa.

"Andikeni nilikwenda kuhonga," mama alisema.

Zlatić alivifumua vidole vyake.

Mwenyekiti alimwambia mama afikiri kwanza. Alimuuliza kama anaelewa karatasi hiyo itakwenda wapi, na kama ameshauriwa na mtu.

"Miaka ishirini na sita nakaa mapokezi, mama. Mifuko hii imepita mbele yangu kila siku ya Mungu, na niliyoipokea mimi sitaihesabu hapa. Huu hapelekewi mtu uliyemkosea. Anapelekewa mtu unayemwogopa. Mwanangu hakumkosea huyu. Mimi nilimwogopa kwa niaba yake. Andikeni."

Zlatić alianza kusema kitu kuhusu mama aliyechanganyikiwa. Mwenyekiti alimnyamazisha kwa mkono, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona mtu akimnyamazisha.

Karani alianza kuandika. Anaandika polepole yule bwana, kwa wino wa bluu, kila herufi peke yake. Ningesema neno moja tu angesimama. Mama, acha. Au, alikwenda kuomba radhi. Maneno yote mawili yalikuwa mdomoni, na kila moja lilikuwa linamuuza mtu. Nilimwangalia mama, nikitaka anipe ishara, hata ya jicho. Hakuniangalia hata mara moja.

Karani aliweka nukta. Akaigeuza karatasi kumwelekea mama, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.

Mama akaweka glavu juu ya mfuko wa kahawa, akachukua kalamu, na mimi bado nilikuwa sijasema kitu.